Gari Lisiloumia

Bampa la mbele la gari la Mzee lilifungwa kwa waya, na waya wenyewe ulifungwa kwa waya mwingine. Taa ya kushoto ilishikiliwa na tepu. Mlango wa abiria ulifunguka kwa ndani tu, tena kwa mtu anayejua pa kupiga kiwiko. Hata hivyo mtaani hakuna aliyelicheka gari hilo mbele ya mwenyewe, kwa sababu mwenyewe alikuwa dereva, tena si dereva wa hivi hivi. Alikuwa ameendesha treni tangu ujana wake mpaka mvi, na mtaa mzima ulimwita Dereva, kwa heshima ileile ambayo wengine huitwa Daktari au Mheshimiwa.

Sasa, mtu aliyeendesha treni maisha yake yote ana sifa zake. Anajua kuwahi. Anajua kupiga honi. Anajua kwamba njia ni yake, na chochote kilicho juu ya njia hiyo kina wajibu wa kuondoka. Jambo moja ambalo treni haikumfundisha ni kukata kona, maana kona za treni hukatwa na reli, dereva kazi yake ni kuzifuata. Mzee alipostaafu na kununua kigari chake, alikichukulia kama treni iliyokosa adabu. Walipatana hivyo hivyo kwa miaka kadhaa, na aliyeumia kuliko wote alikuwa kuku mmoja ambaye hata mwenyewe hakujulikana.

Shida ilianza macho yalipoanza kuzimika. Hayo ni maneno ya msimulizi, kwa maana katika familia ile hakuna aliyewahi kuyatamka. Mzee mwenyewe alisema taa za barabarani siku hizi zinafungwa balbu za kubania, magazeti yanachapwa kwa wino wa kuazima, na watu wamezuka na tabia ya kuvaa nguo za rangi ya lami. Kila Jumamosi alikwenda kununua gazeti, akalikunjua mbele ya uso kwa muda unaomtosha mtu kumaliza kurasa mbili, kisha akampa mkewe amsomee. Alidai habari ikipita kwenye sauti ya Mama ndiyo inaeleweka.

Aliyejua ukweli kuliko wote ni binti yake wa mwisho. Nyumbani walimwita Miwani tangu alipovishwa miwani minene akiwa mtoto wa shule, na huenda jina ndilo lililomtafutia kazi, kwani alipokua aliajiriwa kwenye kliniki ya macho. Yeye ndiye aliyekaa na wagonjwa katika chumba cha giza, akawafunika jicho moja na kuwauliza wanaona herufi gani ubaoni. Aliwaambia watu wazima, wengine wenye vyeo vya kutisha, kwamba wasishike usukani mpaka watibiwe, na aliwaambia bila kumung'unya maneno. Baba yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miwani aliuona ule ukungu mweupe kwenye mboni kila alipompa chai, wala hakuhitaji kifaa. Daktari wa kliniki yake huutoa asubuhi moja, na mchana mgonjwa anakula kwake. Kinachotakiwa ni mgonjwa akubali kwamba haoni.

Hapo ndipo ulimi wa Miwani ulipokuwa mzito. Zamani kule reli madereva walipimwa macho kila mwaka, na aliyeshindwa kusoma ubao aliteremshwa siku hiyohiyo kwenye kichwa cha treni akapelekwa kukata tiketi. Wenyewe walikuita kushushwa. Rafiki mkubwa wa Mzee alishushwa, na watoto walikua wakizisikia habari zake kwa sauti ya chini, jinsi watu wanavyomsimulia ndugu aliyefungwa. Mzee hakushushwa. Alishuka mwenyewe siku ya kustaafu, na maua shingoni. Kumwambia leo kwamba haoni kulikuwa ni kumshusha, na Miwani hakuwa na uso wa kumshusha baba yake.

Basi Jumapili moja Mzee akagonga nguzo ya lango lake mwenyewe, nguzo aliyoijenga kwa mikono yake, na Kaka Mkubwa akaitisha kikao.

Kaka Mkubwa alikuwa kifunguamimba wa nyumba ile, afisa wa benki mwenye tumbo la heshima. Hakuwahi kumiliki gari hata moja, na labda ndiyo maana alizijua habari za magari yote. Kikao kilifanyika jikoni, Mama akichambua mchele, na kwa kuwa Mzee alikuwa amesinzia sebuleni, kilifanyika kwa kunong'ona. Kaka Mkubwa alikifungua kwa kusema kwamba mambo yamefika pabaya na sasa ukweli lazima usemwe. Wote wakaafiki kwamba ukweli usemwe. Kisha wote wakamgeukia Miwani.

Miwani akautazama mchele. Maneno alikuwa nayo, yaleyale ya kliniki, mafupi, yasiyo na fundo ndani yake. Alifungua mdomo yakagoma kutoka. Aliona tu baba yake akiteremka ngazi za kichwa cha treni, kofia mkononi, watu wakimtazama. Akasema labda wangoje kidogo, labda wiki ijayo angempata Mzee katika hali nzuri.

"Hebu tulitazame upande wa pili," akasema Kaka Mkubwa, na sauti yake ikawa ile ya mezani kwake kazini. "Mzee amegonga nguzo. Nguzo imeumia? Haikuumia. Kilichoumia ni gari. Sasa tatizo letu ni nini, kama si gari? Kile si chuma, ni bati. Ukikiegemea kinabonyea. Na mji wenyewe ndio huu, matuta, mashimo, pikipiki, nguzo kila mahali. Ni vishindo vidogo vidogo tu vya mjini. Mzee anahitaji gari la kuvihimili."

Hakuna aliyecheka. Miwani, ambaye kwa kazi yake alipaswa kuangua kicheko mpaka amwamshe Mzee, alipata nafuu, akawa wa kwanza kutikisa kichwa kukubali. Mama aliokota kijiwe kwenye mchele akakiweka kando, akauliza je, hivyo vinavyogongwa. Kaka Mkubwa akamwambia hilo nalo watalizungumza. Hawakulizungumza.

Yadi ya magari waliyoiendea ilikuwa na bendera za plastiki juu ya waya na mbwa aliyelala chini ya basi dogo. Dalali aliwapokea kwa viatu vilivyochongoka na tabasamu la kuzaliwa nalo. Aliwauliza wanataka gari la kwenda wapi, machimboni au mbugani. Mama akajibu sokoni. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba Jumamosi linakwenda pia kununua gazeti. Dalali hakupepesa hata jicho, maana ndiyo kazi aliyoisomea, akasema kwa shughuli nzito kama hizo wamefika mahali penyewe.

Kaka Mkubwa aliyapima magari kwa kuyagonga na vifundo vya vidole huku ameinamisha sikio, namna mtu anavyochagua tikiti maji. Kila gari aliligonga ubavuni, akasikiliza, akaguna. La kwanza aliliona linalia kama kopo. La pili lilikuwa na mpira mzuri pembeni, ila alisema lina uso wa woga. La tatu Miwani ndiye aliyelipenda. Lilikuwa gari la kadiri, jeupe, na dalali alipoliwasha akawaonyesha kwamba ukikaribia kitu linapiga kelele, na ukizidi kukaribia linajifunga breki lenyewe.

"Hili hapa," akasema Miwani. "Kaka, hili linasimama lenyewe."

Kaka Mkubwa akakunja uso. Akamvuta kando, akamwuliza kama amefikiri. Gari la kumpigia mzee wa watu kelele, tena hadharani, simama, simama, unagonga. Gari la kumnyang'anya breki mguuni, yeye aliyesimamisha mabehewa ishirini kwa mkono mmoja. Mzee angejiona anakaripiwa na bati. Walibishana kidogo, na Miwani akashindwa, kwa sababu hakuweza kukataa kwamba gari lile jeupe lingemwambia baba yao jambo ambalo wao wote waliogopa kumwambia. Kwa hiyo likaachwa, kwa kosa la utovu wa heshima.

Wakaenda mwisho wa yadi, ambako lilisimama lile lililochaguliwa. Kabla ya hapo lilimilikiwa na watu wa kuchimba visima. Lilikuwa na rangi ya udongo, matairi yanayomfika mtu mzima kiunoni, na ubavuni bomba lililopanda mpaka juu ya paa ili injini ipumue gari likivuka mto. Mto pekee mtaani kwao ulikuwa mtaro wa maji machafu. Mbele lilivaa ngao ya mabomba ya chuma, kila bomba unene wa mkono wa seremala.

Kaka Mkubwa aligonga. Lilijibu kwa sauti nzito, na uso wake ukachanua. Akauliza likigonga mti inakuwaje. Dalali akasema mti ndio unaokwenda kwa fundi. Je, likigonga ukuta? Dalali akauliza ukuta wa nani, maana ni vizuri mwenyewe akaambiwa mapema. Kaka Mkubwa alicheka mpaka akashika kiuno, na tangu hapo hapakuwa tena na kuchagua. Alipanda kwenye usukani akaanza kupunga mkono. Miwani alikuwa amesimama mbele ya ngao, chuma kikimfika mbavuni, na alisikia sauti ya kaka yake ikiuliza kutoka huko juu amekwenda wapi. Alijiambia kwamba ni ufupi wake tu.

Mzee aliletewa gari mpaka langoni, na hapa lazima haki itendeke, kwani siku ile ilikuwa nzuri. Alilizunguka akilipapasa. Kisha akashika mpini wa mlangoni, akaweka mguu kwenye kidato, akajirusha juu bila kutafuta, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu anavyopanda kichwa cha treni na mwili wake ulikuwa haujasahau. Akakaa. Akaweka kiganja juu ya dashibodi, huku mtaa mzima umesimama kumwangalia.

"Nimerudi," alisema.

Mama aligeuza uso. Miwani alilia waziwazi, machozi ya furaha yenye aibu ndani, na ile aibu aliisukumia chini kama mtu anavyofunga sanduku lililojaa. Kaka Mkubwa naye alikuwa na zawadi ya ziada, honi ya upepo ya malori, akaifunga mwenyewe. Mzee alipoibonyeza mara ya kwanza, mbwa wa mtaa mzima walibweka na mtoto mmoja akaangusha uji.

Kuanzia hapo amani ikatawala. Gari halikubonyea, halikuchubuka, halikupoteza taa. Kila Jumamosi asubuhi Kaka Mkubwa alikuja kulikagua, akalizunguka mikono nyuma kama jenerali, akainama kwenye ngao, akainuka ameridhika. Hata mkwaruzo, aliwatangazia. Baada ya muda familia ilianza kusema, na wengine walisema kwa dhati, kwamba Mzee siku hizi anaendesha vizuri zaidi. Kumbe tatizo lilikuwa gari tu.

Kaka Mkubwa hakujua kwamba kabla hajafika, Miwani alikuwa amekwisha kupita na kitambaa. Kwenye ngao ile alikuta rangi ya kijani ya lango la jirani yao, fundi cherehani. Alikuta nyuzi za kikapu zimenasa kwenye skrubu. Mara moja alikuta kipande cha kamba ya kuanikia nguo, na vibanio viwili bado vimeshika. Alifuta kwa bidii ambayo hata lenzi za kliniki hazikuwahi kuipata, na kila alipofuta alijiambia kwamba ni vitu tu, vitu hununuliwa vingine.

Kilichopotea hakikuwa cha kufutika kwa kitambaa. Zamani za kigari Mzee alikisikia kila kishindo, kwa sababu kigari chenyewe kiliumia kwa sauti. Alisimama, akashuka, akavua kofia. Muuza matunda wa kona alikuwa amepokea radhi nyingi kuliko wateja, na mara kadhaa Mzee alipiga magoti naye kuokota machungwa, akiyatafuta kwa kupapasa, huku wakiulizana habari za nyumbani. Watu walimsamehe kwa sababu alishuka. Sasa huko juu hakusikia kitu. Alipiga honi, akapita. Muuza matunda alihamisha meza yake ng'ambo ya mtaro, kisha akaihamisha tena nyuma ya kona. Fundi cherehani alipanga mawe mbele ya lango lake. Akina mama walijifunza kuwaita watoto ndani mara honi inapolia, na mtaa ambao ulimwita Dereva ukaanza kumwita Treni. Yeye hakulisikia jina hilo jipya, kwani vioo vya gari vilikuwa vizuri.

Kliniki nako kazi iliendelea. Siku moja Miwani alimwambia mwalimu mmoja mstaafu kwamba asiendeshe tena mpaka atibiwe. Mwalimu akataka kujua asipoacha itakuwaje. Miwani akamjibu kwamba ataumiza mtu, akamwandikia siku ya kurudi. Daktari, aliyekuwa ananawa mikono pale pembeni, alimwuliza na Mzee wake atamleta lini. Miwani akasema wiki ijayo.

"Wiki ijayo yako imekuwa ndefu," daktari akasema, akachukua taulo.

Ilikuwa Jumamosi, jua limekwisha kupanda, Mzee anakwenda kununua gazeti. Kaka Mkubwa alikuwa amemaliza ukaguzi wake na kuketi barazani na kikombe cha chai. Miwani alitoka kufungua lango. Bawa moja la lango hilo lilikuwa na tabia ya kurudi lenyewe, kwa hiyo huzuiwa kwa tofali, na alikuwa ameinama akilisogeza lile tofali aliposikia injini nyuma yake. Kisha honi ikalia.

Kwa sheria za reli, honi ikishalia, kilicho njiani si shughuli ya dereva tena. Miwani aliisikia, ila hakuharakisha, kwa jinsi alivyokwisha kujizoeza kuamini kwamba baba yake anaona. Alikuwa hatua chache tu mbele ya gari, mchana kweupe, amevaa gauni la njano. Halafu akahisi chuma mgongoni. Hakikuja kwa nguvu. Kilikuja kwa upole wa kitu kizito, kikamchukua, kikambandika kwenye nguzo, na kitu begani kwake kikatoa mlio mdogo kama kijiti kikavu. Aliangukia mkono wake wa kulia. Gurudumu lilipita kando ya unyayo wake. Gari likatoka langoni, likawasha taa ya kukunja kushoto, kwa kuwa Mzee hakuwahi kusahau ishara, likaenda zake kununua gazeti.

Kaka Mkubwa alikimbia, tusimnyime haki yake, alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki barazani. Alipiga magoti karibu na mdogo wake, akamtazama, kisha akatazama barabara, kisha akamtazama tena.

"Hakusimama," alisema, kwa mshangao wa mtu anayegundua jambo jipya duniani.

"Hakusikia kitu," Miwani akasema.

Aliyewachukua ni fundi cherehani, kwa gari lake dogo lililochubuliwa ubavu, na njia nzima hakusema lolote ila kumwuliza Miwani kama anaendesha taratibu kiasi cha kutosha. Hospitali walisema mtulinga, ule mfupa wa begani, umevunjika, na kifundo cha mkono pia. Walimfunga, wakamlaza kitanda cha mwisho karibu na dirisha, Mama kichwani, Kaka Mkubwa ubavuni, upande usio na dirisha, na kiatu chake kimoja. Muuguzi alipouliza kama mwenye gari amejulikana, Kaka Mkubwa akajibu haraka kwamba lilipita kwa kasi, hawakuwahi hata kusoma namba.

Miwani aligeuza kichwa juu ya mto akamtazama. Kaka Mkubwa akajitia hamnazo, akawa anasoma maandishi ya chupa ya dripu.

Mzee aliingia gazeti likiwa kwapani. Alikuwa amerudi akakuta nyumba tupu, muuza matunda akampa habari, na bila kupoteza muda akapanda tena gari lake akaja, honi ikilia njia nzima. Alitembea katikati ya vitanda akigusa kingo zake moja baada ya nyingine. Kitanda cha tatu alimwinamia mgonjwa asiyemjua, akamwita mwanangu, akamwuliza maumivu yako wapi.

"Baba, niko huku," Miwani akamwita.

Alifika, akapapasa bandeji tangu bega mpaka vidole. Akauliza ni nani. Kaka Mkubwa akarudia kwamba lilikuwa gari tu, lilipita. Mzee akageukia ile sauti, akauliza lilipitaje. Yaani mtu amgonge mtoto wa watu langoni kwao, asishuke hata kumtazama? Hakupandisha sauti, na hiyo ilitisha zaidi. Alisema yeye mwenyewe amegonga vitu vya watu, hakatai, lakini alishuka, siku zote alishuka akaomba radhi. Dereva wa namna hiyo ama amelewa ama haoni, na anayejua kwamba haoni akanyamaza ni muuaji anayengoja zamu yake. Atafutwe. Ashushwe leo leo.

"Twende, Mkubwa," alisema. "Mimi nitaendesha, wewe utasoma namba. Tutauzunguka mji mzima mpaka tumpate."

"Sawa, Mzee," akajibu Kaka Mkubwa.

Alijibu sawa. Miwani alilisikia neno hilo, akaona jinsi kaka yake alivyokwisha kujiandaa kusimama, jinsi wangetoka wawili wale na kupanda juu na kuuzunguka mji wakimtafuta dereva asiyeona, na watu wote waliokuwa barabarani saa ile, wenye vikapu, wenye watoto. Aliogopa. Aliuogopa uso wa baba yake kuliko alivyouogopa mfupa wake. Maneno ya kliniki hayakuja. Alichopata ni sauti nyembamba ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Baba," alisema, "ni wewe."

Mzee aliendelea kushika bandeji. Miwani akamweleza kwamba ilikuwa asubuhi ile, pale langoni, yeye akiinua tofali. Akamwambia honi ilipigwa, aliisikia. Akamwambia macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba hutolewa asubuhi moja tu, kwamba angeona tena vizuri, kwamba alipaswa kumwambia zamani. Aliyasema yote mfululizo, akilia, asije akapata nafasi ya kunyamaza.

Gazeti lilidondoka. Mzee hakuinama kuliokota. Aligeuza uso kule alikodhani Mama yuko, na safari hii alipatia.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee," Mama akasema.

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu lile gari la kwanza."

"Wote?"

Mama akasema wote. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa ameacha kula ili asikilize.

"Mlijua sioni," Mzee alisema taratibu, "mkanitafutia gari kubwa zaidi."

Kaka Mkubwa alianza kueleza. Alisema nia yao ilikuwa usalama wake, kwamba kigari kilikuwa bati tupu, kwamba uimara wa chuma, kwamba watu wa visima, kwamba ngao. Maneno yalimwishia moja moja mpaka likabaki lile la ngao, nalo likafa. Mzee alimwacha amalize. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akaunyoosha mbele yake.

"Mkubwa," alisema. "Chukua."

Mkono ulinyooka kuelekea pazia la dirisha, ambako hapakuwa na mtu. Miwani alifungua mdomo amwambie kwamba Kaka yuko upande wa pili. Lakini Kaka Mkubwa alikuwa amekwisha kuinuka, akakizunguka kitanda kwa kunyata ili kisigino kisisikike, akaenda akasimama pale penye pazia, akaupokea kwa mikono miwili.